Kuchuja Ujumbe na Kupanga Kazi kwa Barua Pepe na Kalenda

Kikasha cha barua pepe ni mahali ujumbe unapofikia. Hapo ndipo makosa mengi huanzia, kwa sababu mtu akishausoma ujumbe huhisi amelimaliza jambo lenyewe. Mwalimu amekuandikia ulete picha mbili za pasipoti kabla ya Ijumaa. Umesoma, umejibu "sawa mwalimu", umefunga kompyuta. Picha bado hazijapigwa. Ijumaa ikifika, ujumbe uko pale pale kwenye kikasha, umefunikwa na matangazo thelathini.

Mada hii inahusu namna ya kuutoa ujumbe kwenye kikasha na kuupeleka unakostahili: kwenye orodha ya kazi, kwenye kalenda, kwenye kumbukumbu au kwenye tupio. Isome kwa ajili ya somo la kompyuta, lakini usiiache hapo. Kati ya siku unapomaliza karatasi ya mwisho mwezi Novemba na siku utakayoripoti kidato cha tano au chuoni, kuna tarehe za mwisho kadhaa: kubadili tahasusi, kuomba chuo, kutuma nakala za vyeti. Dirisha la maombi likifungwa limefungwa, hata kama ufaulu wako ni wa daraja la kwanza.

Barua zilizolala njiani

Kwihara, kilometa chache kutoka mjini Tabora, kuna nyumba ya tembe ambayo leo ni makumbusho ya Livingstone. Wanafunzi wengi wa Tabora wamepelekwa pale kwa ziara ya somo la Historia. Kisa cha barua kinachohusiana na mahali pale kinaeleza mada hii vizuri kuliko mfano wowote wa ofisini.

Katika karne ya 19 Tabora, ambayo vitabu vya wasafiri wa wakati ule huiita pia Kazeh, ilikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitembea miezi kama mitatu wakiwa na nguo, shanga na waya mabegani. Walipofika Tabora mizigo iligawanywa upya: ya Ujiji ikaelekea magharibi, ya Karagwe na Buganda ikaelekea kaskazini. Barua zilisafiri pamoja na mizigo hiyo.

Tarehe 1 Novemba 1870 furushi la barua za Dkt. David Livingstone lilifungwa Zanzibar na kuandikwa anwani ya Ujiji. Anwani ilikuwa sahihi. Msafara uliokabidhiwa furushi hilo ulikaa Bagamoyo siku kama 100, ukafika Unyanyembe, ukakaa tena. Henry Morton Stanley alipofika Tabora Juni 1871 alilikuta furushi hapo. Agosti mwaka huo vita kati ya Mirambo na Waarabu wa Tabora vilifunga njia ya moja kwa moja ya kwenda Ujiji. Septemba Stanley aliamua kuzunguka kwa upande wa kusini. Alimchukua mtu mmoja wa msafara ule, anayemtaja kwa jina la Kaif-Halek, akampa kazi ya kulibeba furushi hadi Ujiji. Kwa tarehe za Stanley mwenyewe, Livingstone alipokea barua zake Novemba 10, 1871. Zilikuwa zimepita siku zaidi ya mwaka mmoja.

Tazama kilichobadilika mwezi Septemba. Barua zilikuwa zile zile na anwani ile ile. Kilichoongezeka ni mtu mmoja mwenye jukumu na siku ya kuondoka. Vita havibebi lawama yote, maana zile siku 100 za Bagamoyo zilipita kabla havijaanza. Na njia yenyewe ilipitika: Stanley aliondoka Kwihara Machi 14, 1872 akiwa na shajara na barua za Livingstone, akafika Bagamoyo Mei 6, chini ya siku 60. Furushi lililolala lilikuwa ujumbe tu. Lililokabidhiwa kwa mtu na kupewa siku ya safari lilikuwa kazi.

Miaka 100 baada ya furushi hilo kufika Ujiji, mwaka 1971, mhandisi Mmarekani Ray Tomlinson alituma barua pepe ya kwanza kati ya kompyuta mbili kwenye mtandao wa ARPANET, naye ndiye aliyechagua alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta. Tangu hapo tatizo la mwendo limekwisha. Tatizo la ujumbe kulala halijaisha, limehamia tu kwenye kikasha.

Ujumbe, kazi na tukio

Vitu hivi vitatu hutofautiana, na programu za barua pepe huviweka mahali tofauti kwa sababu nzuri.

Ujumbe ni taarifa iliyokufikia. Una mtumaji, mpokeaji, kichwa cha habari, tarehe ya kutumwa na maelezo yenyewe, na pengine kiambatisho. Tarehe iliyo kwenye ujumbe ni ya kutumwa. Haikuambii chochote kuhusu lini unatakiwa kutenda, na ndiyo maana kikasha kilichopangwa kwa tarehe ni orodha mbaya ya kazi. Ujumbe wa wiki mbili zilizopita unaweza kuwa na tarehe ya mwisho ya kesho, huku ule wa leo asubuhi ukiwa ni salamu.

Kazi ni jambo unalotakiwa kulifanya wewe. Ina tarehe ya mwisho, lakini unaweza kuifanya wakati wowote kabla ya hapo. Hukaa kwenye orodha ya kazi, na hubaki pale hadi uitie alama ya kukamilika.

Tukio hutokea saa fulani, uwepo usiwepo. Mtihani wa majaribio ni tukio. Kikao cha wazazi ni tukio. Treni kuondoka stesheni ni tukio. Hukaa kwenye kalenda na lina saa ya kuanza na saa ya kumaliza.

Mtihani mara nyingi huuliza tofauti ya kazi na tukio. Jibu fupi linalokubalika ni hili: kazi hufungwa na tarehe ya mwisho na hukamilishwa, tukio hufungwa na muda maalumu na hupita. Kuna watu huweka kila kitu kwenye kalenda, hata "soma Biolojia". Siku hiyo ikipita bila kusoma, kalenda haikulalamikii. Maandishi yanabaki kwenye Jumanne iliyopita na wewe unatazama Jumatano. Orodha ya kazi ingeendelea kukuonyesha kazi hiyo, tena kwa rangi nyekundu, kwamba imepitiliza.

Kichujio kinavyofanya kazi

Ukipanda treni kutoka Dar es Salaam kwenda magharibi utaielewa sehemu hii haraka. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Hadi Tabora abiria wa Mwanza na wa Kigoma huweza kusafiri kwenye treni moja. Tabora mabehewa hutenganishwa. Mtu wa stesheni hamuulizi kila abiria anakwenda wapi na kwa nini. Anaangalia behewa limepangiwa wapi, analiunganisha na injini inayohusika. Anafuata kanuni iliyowekwa kabla treni haijafika.

Kichujio cha barua pepe ni kanuni ya namna hiyo. Kina sehemu mbili, sharti na tendo. Sharti linasema ujumbe wa aina gani unahusika. Tendo linasema ufanyiwe nini. Ujumbe mpya ukifika, programu husoma mtumaji, mpokeaji, kichwa cha habari, maneno yaliyomo, ukubwa wake na kama una kiambatisho. Hulinganisha hayo na sharti. Sharti likitimia, tendo hufanyika lenyewe.

Matendo ya kawaida ni kuubandika ujumbe lebo, kuuwekea nyota, kuuhamishia kwenye folda, kuupitisha moja kwa moja kwenye kumbukumbu bila kuonekana kwenye kikasha, kuusambaza kwa anwani nyingine, au kuufuta. Tendo la kufuta liogope. Kichujio hakina busara ya kukuuliza mara ya pili.

Folda na lebo si kitu kimoja. Ujumbe ulio kwenye folda uko ndani ya folda hiyo tu, kama gunia lililo kwenye ghala moja. Lebo ni kibandiko, na ujumbe mmoja unaweza kuwa na vibandiko vitatu: "Kemia", "Mwalimu wa darasa", "Wiki hii". Outlook imezoeleka kwa folda, Gmail kwa lebo. Programu hizi mbili hutofautiana pia kwenye utaratibu wa kanuni. Outlook hupitia kanuni moja baada ya nyingine kwa mpangilio ulioziweka, na unaweza kuiambia isimame baada ya kanuni fulani kutimia. Kwenye Gmail kila kichujio kinachoulingana ujumbe huo hutumika.

Jambo moja huwashangaza wanaoanza. Kichujio huanza kufanya kazi kwa ujumbe utakaofika baada ya kukitengeneza. Ule wa zamani hauguswi mpaka uchague kwamba kitumike pia kwa ujumbe uliopo. Kwa hiyo usiseme kichujio kimeharibika kwa sababu tu matangazo ya mwezi uliopita bado yako kwenye kikasha.

Kichujio cha barua taka ni cha aina nyingine. Hukukitengeneza wewe. Mtoa huduma hukadiria uwezekano wa ujumbe kuwa taka kwa kuangalia alama nyingi kwa pamoja, na makadirio hukosea. Mtahiniwa aliyeomba chuo anapaswa kulifungua folda la barua taka walau mara mbili kwa wiki, kwa sababu ujumbe unaotumwa na mfumo wa maombi kwa maelfu ya watu kwa wakati mmoja unaweza kufanana na tangazo. Ukiukuta huko, uweke alama kwamba si taka, na umwongeze mtumaji kwenye anwani zako.

NA, AU, ISIPOKUWA

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe, maana hapa ndipo alama hupotea.

Tuseme unataka ujumbe wote wa matokeo ya mtihani wa majaribio uwekewe nyota. Unatengeneza kichujio chenye sharti moja: kichwa cha habari kina neno "matokeo". Jumapili jioni kikasha kinajaa nyota. Zote ni matokeo ya Simba na Yanga. Kompyuta imefanya ulichoiambia.

Ongeza sharti la pili: mtumaji awe ofisi ya taaluma ya shule. Hapa lazima uamue kama unayaunganisha masharti kwa NA au kwa AU. Chukua kikasha chenye ujumbe 40. Kati ya hizo, 12 zina neno "matokeo", 9 zimetoka ofisi ya taaluma, na 4 zina sifa zote mbili. Ukitumia NA unapata 4. Ukitumia AU unapata 12 + 9 − 4 = 17. Kama umesoma seti kwenye Hisabati umeshatambua kwamba NA ni makutano na AU ni muungano, na kwamba zile 4 zinatolewa kwa sababu zilihesabiwa mara mbili. NA hubana, AU hupanua. Wapo watahiniwa wanaoamini kwamba "kuongeza sharti" huongeza matokeo. Hilo ni kweli kwa AU tu.

ISIPOKUWA, yaani HAPANA, huondoa. Ukisema "kina neno matokeo, isipokuwa kama kina neno ligi", unapunguza habari za mpira, lakini ile isiyotaja ligi itapita. Kwa uzoefu wa wengi, sharti la mtumaji ni imara kuliko sharti la neno. Watu hubadili maneno kila siku, anwani huibadili mara chache.

Kutazama kwa kuchuja

Neno "kuchuja" lina matumizi ya pili, na swali la mtihani linaweza kulenga lolote kati ya mawili. Kichujio tulichokieleza huhamisha au hubadilisha ujumbe. Kwenye orodha ya kazi au kalenda, kuchuja ni kuchagua unachotaka kukiona kwa sasa. Kazi nyingine hufichwa. Hazifutwi.

Tuseme orodha yako ina kazi 25. Unachuja: somo ni Kemia NA hali ni bado NA tarehe ya mwisho ni Ijumaa au kabla yake. Zinabaki 3 kwenye skrini. Zile 22 zipo, na ukiondoa kichujio zinarudi. Mtumiaji anayesahau kwamba kichujio kimewashwa hudhani amepoteza kazi zake, au mbaya zaidi, hudhani amemaliza. Kila mara orodha inapoonekana fupi kuliko ulivyotarajia, angalia kwanza kama kuna kichujio.

Kuchuja kwa namna hii kunawezekana tu kama kila kazi imejazwa vizuri. Kazi isiyo na tarehe haitokei kwenye kichujio cha tarehe. Kazi isiyotajwa somo haitokei ukichuja kwa somo. Kwa hiyo kila unapoandika kazi, jaza jina, somo au kundi, tarehe ya mwisho na kipaumbele. Na jina la kazi lianze na kitenzi. "Hisabati" si kazi, ni somo, na hakuna siku utakayoweza kusema limekamilika. "Fanya maswali 10 ya logarithimu na usahihishe" ni kazi, kwa sababu saa moja baadaye utajua kama umeifanya au hujaifanya.

Kipaumbele nacho kisigawiwe ovyo. Orodha ambayo kila kazi ni "muhimu sana" haichujiki.

Kalenda, na saa yetu

Kalenda ya kompyuta ina mitego mitatu kwa mtu anayesema Kiswahili, na vitabu vingi vya kompyuta haviitaji kwa sababu vimeandikwa na watu wasio na saa kama yetu.

Wa kwanza ni saa. Sisi tunahesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo, kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane. Ongeza 6 kwenye saa ya mchana: saa 2 asubuhi ni 08:00, saa 4 asubuhi ni 10:00, saa 8 mchana ni 14:00, saa 10 jioni ni 16:00. Kwa saa za usiku, kuanzia saa 1 hadi saa 5, ongeza 18: saa 2 usiku ni 20:00. Mtahiniwa akiandika "2:00" kwenye kalenda akimaanisha saa 2 asubuhi, simu itamlilia saa 8 usiku, ataizima kwa hasira, na asubuhi haitalia tena. Kinyume chake pia hutokea: ukiona 2:00 mchana kwenye ratiba iliyoandikwa kwa Kiingereza, hiyo ni saa 8 mchana. Weka kalenda yako kwenye mfumo wa saa 24 na utata mwingi utaondoka.

Wa pili ni usiku wa manane. Kompyuta hubadili tarehe saa 6 usiku kamili, 00:00. Tukisema "usiku wa kuamkia Jumanne, saa 8", kalenda inataka uandike Jumanne 02:00. Lakini "Jumatatu saa 2 usiku" ni Jumatatu 20:00. Wazee wa pwani wakisema "usiku wa Jumanne" wanaweza kumaanisha usiku unaotangulia mchana wa Jumanne, kwa hiyo ukipewa tarehe ya mwisho ya usiku, uliza. Mifumo mingi ya maombi hukwepa utata huu kwa kuandika 23:59, dakika moja kabla tarehe haijabadilika.

Wa tatu ni mpangilio wa tarehe na majira ya eneo. Sisi huandika siku kwanza, 4/11 ikiwa ni tarehe 4 Novemba. Kompyuta iliyowekwa kwa mtindo wa Marekani huisoma kuwa Aprili 11. Andika jina la mwezi kwa herufi kila unapoweza. Majira nayo: Tanzania nzima hutumia saa tatu mbele ya majira ya kimataifa, mwaka mzima, bila kubadilika. Kalenda ikiwa imeachwa kwenye majira ya London wakati wa baridi, tukio uliloliandika 08:00 litahesabiwa kuwa 11:00 kwa saa ya Tabora, na kikumbusho kitalia mtihani unapokusanywa. (Wanaosoma Jiografia watapenda kujua kwamba majira yetu yamefungwa kwenye longitudo 45° Mashariki, wakati Tabora iko karibu na 33° Mashariki. Tofauti ya nyuzi 12 kwa dakika 4 kila moja ni dakika 48, na ndiyo maana jua la Tabora hufika utosini inapokaribia saa 7 mchana.)

Kukosana kwa tarehe hakukuanza na kompyuta. Shajara ya Livingstone inakuweka kukutana kwake na Stanley mwishoni mwa Oktoba 1871, wakati Stanley aliandika Novemba 10. Watu wawili wamesimama Ujiji siku moja, kila mmoja na kalenda yake. Kalenda mbili zilizounganishwa kwa akaunti moja, ya simu na ya kompyuta, haziwezi kukosana hivyo maadamu zote zinapata intaneti na zimewekwa majira yale yale.

Mwaliko wa kalenda ni ujumbe unaobeba tukio ndani yake. Hutumia muundo wa pamoja uitwao iCalendar, uliotolewa mwaka 1998, ndiyo maana mwaliko uliotumwa kutoka Outlook hufunguka kwenye kalenda ya Google. Ukijibu "Ndiyo", tukio hujiandika lenyewe kwenye kalenda yako na mwalikaji hupata jibu. Ukijibu kwa barua ya kawaida kwamba utakuja, mwalimu amekuelewa, lakini orodha yake ya waliothibitisha bado inakuonyesha kwamba hujajibu.

Kama unasoma bweni

Wengi wenu hamruhusiwi simu shuleni, na kompyuta ya maabara mnaipata kwa zamu. Basi pangeni utaratibu wa mara mbili kwa wiki: siku ya zamu fungua kikasha, toa kila ujumbe wenye kazi au tukio, uuandike kwenye daftari kwa safu nne, yaani kazi, somo, tarehe ya mwisho na hali. Daftari halina kikumbusho, ila linachujika kwa kalamu: zungushia duara zenye tarehe ya wiki hii. Na unapotumia kompyuta ya maabara au ya kafe ya intaneti, toka kwenye akaunti kabla ya kunyanyuka. Kufunga dirisha peke yake hakutoshi.

Matangazo mengine hayaji kwa barua pepe kabisa. Matokeo na uchaguzi wa kidato cha tano hutangazwa kwenye tovuti. Hakuna kichujio kitakachokamata kitu ambacho hakijatumwa kwako, kwa hiyo mambo hayo uyaandike mwenyewe kama kazi inayojirudia: "Angalia tovuti", kila Jumatatu na kila Alhamisi, kuanzia Januari.

Zoezi lenye majibu

Leo ni Jumatano. Mtahiniwa anayekaa Isevya amefungua kikasha na kukuta ujumbe huu. Eleza kila mmoja upelekwe wapi.

(a) Mwalimu wa Kemia: "Majibu ya zoezi la moli nimeyaambatisha."
(b) Mlezi wa klabu: "Kikao Ijumaa saa 10 jioni, chumba cha kidato cha tatu."
(c) Mtu asiyemfahamu: "Hongera, umeshinda zawadi. Tuma namba yako ya siri."
(d) Chuo alichoomba: "Tuma nakala ya cheti cha kuzaliwa. Mwisho ni usiku wa kuamkia Jumatatu, saa 6."
(e) Mwalimu wa taaluma: "Jaribio la Hisabati lililokuwa Alhamisi 08:00 limehamishiwa Jumanne 14:00."

Majibu. (a) Ubandikwe lebo ya Kemia na uingie kwenye kumbukumbu. Anayetaka alama zote ataongeza kazi, "Linganisha majibu yangu ya moli na ya mwalimu", yenye tarehe. (b) Tukio: Ijumaa, 16:00, pamoja na mahali. (c) Barua taka. Usiujibu hata kwa kukataa, maana jibu lolote linathibitisha kwamba anwani yako ina mtu. (d) Kazi, "Changanua na tuma cheti cha kuzaliwa". Tarehe ya mwisho iandikwe Jumapili 23:59. Atakayeandika Jumatatu amechelewa siku nzima. Kwa kuwa mahali pa kuchanganua pengi hufungwa Jumapili, kikumbusho kiwe Ijumaa.

(e) Wengi hukosa hapa kwa kuandika tukio jipya la Jumanne na kuliacha la Alhamisi. Kalenda sasa ina majaribio mawili, na kesho asubuhi kikumbusho cha zamani kitamtoa mtu nyumbani alfajiri bure. Fungua tukio lililopo, ulibadilishe lisomeke Jumanne 14:00, yaani saa 8 mchana. Kisha nenda kwenye orodha ya kazi, chuja kwa somo la Hisabati, na usogeze tarehe za kazi zote za marudio ulizokuwa umezipangia kuisha leo usiku.